Mkono wa Vidole Vinne

Wajukuu zangu, tulipoachana wiki iliyopita mchoraji alikuwa amesimama mbele ya kamba ya nguo, mdomo wazi, mikono imemganda hewani. Mbele yake kilining'inia kitambaa chake kikubwa, kile cha majani na kutu. Na katikati ya majani, mahali ambapo yeye hakuweka kitu chochote, palikuwa na mkono.

Mkono wa mtu. Mweusi tii. Vidole vinne.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo uone!"

Mama mkwe wake alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nini tena? Nyoka?"

"Afadhali nyoka. Tazama hapa."

Bibi alitazama. Mwiko ukaanguka.

"Huu ni mkono wa mwanangu," alisema, na sauti yake ikawa kama ya mtoto. "Mke wa mwanangu, huu ni mkono wa mume wako. Kidole kidogo kiko wapi? Hakipo! Wewe uliona wapi mkono mwingine kama huu?"

Mchoraji alinyoosha mkono wake wa kushoto, akaulaza juu ya ule mweusi. Gumba juu ya gumba, shahada juu ya shahada. Ulikaa sawasawa, ila kidole chake kidogo kilibaki peke yake juu ya kitambaa cheupe, hakina mwenzake.

Mkono wa kushoto usio na kidole kidogo. Mumewe, fundi wa boila kwenye kiwanda cha karatasi, alipoteza kidole hicho hicho, cha mkono huo huo, kwenye msumeno wa magogo. Na mumewe alitoka kwenda kazini jana asubuhi, mpaka sasa hajarudi.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo, vuta kiti nikueleze haraka. Mchoraji wetu hashiki brashi. Anachemsha majani na magome, analoweka kitambaa kwenye maji yake, kisha anakigusisha vyuma vyenye kutu. Kutu ikikutana na utomvu wa majani, weusi unazaliwa pale pale. Hachori mti wala hachori mashine. Anaviacha vigombane vyenyewe juu ya kitambaa, halafu anatundika ugomvi ukutani. Ndiyo maana watu wanamwita Kutu, maana kucha zake hazitakati hata asugue vipi.

Na leo alasiri ugomvi huo ulikuwa uonyeshwe kiwandani kwenyewe. Meneja ndiye aliyemwomba. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuamua kama kiwanda kipewe msitu wa pili, kwa sababu wa kwanza kimeshaumaliza. Natega na kitendawili hapo hapo: anakula msitu, anatema kurasa. Mmekijua.

"Mama," Kutu alisema taratibu, "meneja alituambia nini jana kwenye simu?"

"Kwamba amemtuma mume wako mji mwingine kuchukua valvu. Kwamba aliondoka asubuhi, hata chai hakumaliza."

"Jana asubuhi kitambaa hiki kilikuwa bado ndani ya ndoo, hapa hapa nyumbani. Nilikitundika kule ukumbini kiwandani mchana, kikiwa kinachuruzika. Leo asubuhi nimekwenda kukichukua kije kikaukie hapa. Sasa kama aliondoka asubuhi, mkono wake umekishikaje?"

Bibi alikuwa ameshaanza kuvaa viatu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kiwandani. Kama mwanangu yuko hai nataka nimwone, na kama—"

"Usimalizie, mama."

"Simalizii. Kunja hicho kitambaa twende."

*

Ukumbi ule wa maonyesho zamani ulikuwa wa kupikia. Katikati yake alisimama Chungu.

Nasema alisimama, kama mtu, kwa sababu wafanyakazi wote walimwogopa kama mtu. Tangi la chuma, pana kuliko chumba cha kulala, refu mpaka linakaribia paa. Humo ndimo vipande vya miti vilipochemshwa kwa mvuke mpaka vinalegea kama uji wa mgonjwa. Walipoleta matangi mapya, Chungu aliachwa akazeeka na kutu yake. Ubavuni ana mlango wa duara, mzito, unaofungwa kwa komeo la chuma.

Leo Chungu angepikishwa tena, mara moja tu, kwa ajili ya wageni. Wazo lilikuwa la Kutu mwenyewe. Alijaza ndani vitambaa vilivyosokotwa na majani na misumari. Mvuke ungefunguliwa mbele ya watu, kisha mlango ungefunguliwa, na picha zingetolewa zikiwa bado moto. Msitu na mashine vimepikwa chungu kimoja. Alilifurahia wazo hilo. Aliwahi hata kuliota.

Vitambaa vingine vilining'inia toka darini mpaka sakafuni, vyeusi, vya kahawia, vya kijani iliyokufa. Nyuma ya kuta mashine zilinguruma, hata mtu asikusikie mpaka umsogelee.

Meneja aliwapokea kwa tabasamu. Suti safi, viatu vinang'aa, na ile glavu nyeusi ya mkono mmoja anayoivaa mwaka mzima, kiangazi na masika. Glavu hiyo muishike akilini, wajukuu.

"Mama yangu! Shemeji! Mmewahi. Wageni ndio wanashuka kwenye magari."

"Mwanangu yuko wapi?" Bibi hakusalimia.

"Si nilisema, mama? Amekwenda kuchukua—"

"Onyesha," Bibi alimwambia Kutu.

Kutu alikunjua kitambaa juu ya meza. Meneja aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa wa huzuni.

"Shemeji," alisema, "sikutaka kukuambia siku ya furaha yako. Fundi hajasafiri. Nilimfichia aibu. Jana alasiri aliingia humu ndani peke yake, akavunja valvu ya usalama ya Chungu. Tumeshaitengeneza, ila yeye hakutaka maonyesho yafanyike. Nilipomkuta alikimbia, akatokea mlango wa nyuma, na sijui alipo."

"Uongo!" Bibi aliruka. "Mwanangu huyo havunji hata yai kabla ya kuuliza ni la nani!"

"Mimi pia nilitaka kuamini hivyo, mama. Sikuwa na ushahidi." Aligusa kitambaa kwa kidole cha glavu. "Sasa ninao. Mmeniletea wenyewe. Nani kiwandani hapa asiyeujua mkono huu?"

Kutu alinyoosha mkono akichukue. Walikuja kumtafuta mume, wakamletea kitanzi.

"Nipe," alisema, "kitambaa changu nipe."

"Kitabaki hapa, shemeji. Polisi watakihitaji."

Alikuwa anakilaza vizuri mezani, anakinyoosha kwa upole kabisa, kama anatandika kitanda. Na ni katika kukinyoosha kule ndipo jicho la Kutu lilipotua juu ya jani moja pembezoni.

Jani halikuwa na mishipa.

Akatazama jani la pili. Nalo ni doa tu, kama moshi. Majani yote yalikuwa moshi mtupu. Na yeye anajua kazi yake: jani likilazwa juu ya kitambaa linaacha kila mshipa, hata tundu la mdudu. Moshi unatokea upande wa pili, pale rangi ilipopenya tu.

Akamsogelea mama mkwe, akanong'ona bila kugeuza kichwa.

"Mama. Asubuhi ulianikaje kitambaa?"

"Nilianika kama nguo. Wewe uliingia kuoga, nikakusaidia."

"Upande gani ulikaa nje?"

Bibi alimtazama kama anayemtazama mgonjwa.

"Mwanangu, kwani kina upande?"

Hapo moyo wa Kutu ulipiga mara moja, kwa nguvu, kama mlango.

Alishika ncha ya kitambaa kama anayekirekebisha. Akainua kidogo tu. Akachungulia upande wa chini, ule ambao ndio wa mbele. Mkono ulikuwepo pale pia. Lakini huku ulikuwa na mistari ya kiganja, na alama za ncha za vidole, wazi kama muhuri. Huku ndiko mtu alikoshika.

Na huku gumba lilikuwa upande wa kushoto.

Sasa tegueni hiki: nimegonga kulia, nimeona kushoto. Chukua mkono wako wa kulia, mjukuu, upake masizi, ugonge kwenye kitambaa. Kisha zunguka nyuma ukautazame. Utaapa ni wa kushoto.

Ule haukuwa mkono wa mumewe. Ulikuwa mkono wa kulia.

Kutu aliinua macho polepole. Glavu nyeusi ilikuwa imetulia juu ya meza. Mkono wa kulia. Kidole kidogo cha glavu kilikuwa kimesimama kigumu, hakikunjiki na wenzake, kwa sababu ndani yake kulijazwa pamba.

Kila mtu amesahau siku ile ya msumeno wa magogo, isipokuwa waliokuwepo. Meneja alikuwa bado msimamizi kijana. Msumeno ulimnasa mkono wa kulia ukaanza kumvuta. Fundi alimshika akamvuta huku, na msumeno ukatoza ushuru kwa wote wawili, kidole kimoja kimoja. Tangu hapo waliitana pacha. Mmoja hakuficha mkono wake. Mwingine alinunua glavu.

"Umeona nini, shemeji?" Meneja aliuliza.

"Doa."

"Doa gani?"

"Mimi kazi yangu ni madoa, shemeji. Nikianza kukuhesabia tutakesha."

Alicheka. Na meneja akacheka. Lakini hawakuwa wanacheka kitu kimoja.

*

Wageni waliingia. Mbele alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani mikubwa iliyoning'inia kwa mnyororo, ndiye mkubwa wao. Alisimama mbele ya kila kitambaa, akiinamisha kichwa huku na huku.

"Nguvu iliyoje," alisema mbele ya doa la kahawia. "Naona mama amebeba mtoto."

"Mimi naona sufuria imeungua," Bibi alijibu, na watu wakadhani ni mzaha wa wasanii.

Meneja alipunga mkono. Nyuma ya kuta mashine zilizimwa ili hotuba isikike.

Ukimya ukaanguka. Na ndani ya ukimya ule:

Ko. Ko. Ko.

Chuma kwa chuma. Kisha kimya. Kisha tena.

Ko. Ko. Ko.

Kutu na mama mkwe walitazamana. Hapa niwaambie siri ya nyumba yao, nayo ni ya kuchekesha siku nyingine yoyote. Bafu lao halina kitasa. Fundi akiwa anaoga akisikia nyayo hugonga bomba mara tatu, kama wanavyofanya mafundi wa boila. Kiwandani maana yake ni: usifungue mvuke, kuna mtu ndani. Nyumbani maana yake ni: mama, usifungue, sijavaa kitu.

"Yumo," midomo ya Bibi ilisema bila sauti.

Sauti ilikuwa inatoka kwa Chungu.

"Msishtuke," meneja aliwaambia wageni, "mabomba yakipoa hugonga hivyo. Chungu anawasalimu." Watu wakacheka. "Sasa basi, bila kuwachosha, nitafungua mvuke mwenyewe, na mtashuhudia msitu na mashine vikishikana mikono."

Alitembea kuelekea kwenye gurudumu la kufungulia mvuke, lililokaa kwenye bomba kando ya Chungu. Glavu ikashika gurudumu.

Kutu alitaka kupiga kelele, "Mume wangu yumo!" Lakini nani angemwamini? Kitambaa kingefunuliwa, meneja angesema fundi ni mharibifu, wangebishana, na huku mkono uko juu ya gurudumu. Nusu mzunguko tu ingetosha. Mvuke ule ulikuwa unalegeza magogo.

Akapiga kelele nyingine kabisa.

"Simama! Picha imewekwa kinyume!"

Ukumbi mzima uligeuka.

"Samahani?" alisema meneja.

"Kinyume!" Kutu alifika katikati, jasho linamtoka, mikono ya kahawia hewani. "Vitambaa vilivyomo ndani nimevipanga mbele nyuma. Mvuke ukifunguliwa sasa, kazi yote ni takataka. Lazima mlango ufunguliwe nipange upya."

"Shemeji, nani atakayejua mbele na nyuma ya—"

"Mimi najua!" alisema yule mama wa miwani kwa ukali. Alikuwa ameshavaa miwani. "Nilihisi tangu nilipoingia. Nikasema moyoni, mbona hapa kuna kitu kimekaa kinyume?"

"Hata mimi nilihisi," alisema mgeni wa pili haraka, asiachwe nyuma.

"Mimi nilidhani ni tumbo," alisema wa tatu.

Na hakuna hata mmoja wao aliyeviona vitambaa vya ndani ya Chungu. Lakini nani akubali kuwa wa kwanza kusema haelewi?

Meneja alitazama wageni, akamtazama Kutu. Glavu iliachia gurudumu. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo, wajukuu zangu, ndilo lililomtisha Kutu kuliko yote ya siku ile.

"Msanii ni msanii," alisema. "Basi wageni wetu tutoke uani, chai iko tayari. Tumwache shemeji apange picha yake kwa utulivu. Mimi nitamfungulia."

Watu walitoka wakizungumza. Mama wa miwani alimshika Bibi mkono, "Twende, dada, ukanieleze ile sufuria," na Bibi akavutwa naye mpaka mlangoni, akigeuza shingo nyuma, macho yamemtoka.

Ukumbi ukabaki na watu wawili.

Meneja alivuta komeo. Mlango wa duara ukalia, ukafunguka. Ndani giza, na harufu ya majani yaliyolala majini.

"Karibu, shemeji. Panga."

Angekimbia. Mlango wa nje ulikuwa wazi, jua linaonekana, vikombe vinasikika. Lakini toka gizani humo bomba liligongwa tena, safari hii taratibu, kama mtu aliyechoka.

Kutu aliingia.

*

"Mume wangu!" alinong'ona. "Uko wapi?"

Alipapasa. Vitambaa vilivyosokotwa, vyenye maji, baridi kama samaki. Majani. Misumari. Alivirusha huku na huku. Hakuna mtu. Alifika ukuta wa mbali, chuma tupu. Hakuna mtu!

"Uko wapi?"

"Chini," ilisema sauti.

Ilitoka chini ya miguu yake. Sakafu ya Chungu ina wavu wa chuma wa kutolea maji, na chini ya wavu kuna shimo. Kutu alipiga magoti. Vidole vilichomoza katikati ya nondo. Vidole vya mkono wa kushoto. Akavishika vyote vinne, akavibusu, kutu na tope na yote.

"Nani kakuleta humu?" Fundi alisema, koo limekauka. "Nimegonga usiku na mchana msifungue, wewe unafungua ukaingia kabisa? Hata bafuni mama alikuwa anasimama nje!"

"Nyamaza. Unatokaje?"

"Nilipoingilia. Kuna tundu kwa nje, nyuma ya Chungu, limefunikwa bamba. Pacha alinisukuma, akaviringishia pipa juu yake."

"Kwa nini? Kwa nini, baba?"

"Valvu ya usalama imekufa. Chungu akipikwa na mlango umefungwa, anaweza kupasuka na ukumbi mzima. Nikamwambia, nitawaambia wageni wako. Akasema wageni wakiondoka, kiwanda kimekufa. Nikasema afadhali kife kiwanda. Tukashikana. Glavu ikamtoka, akateleza kwenye maji ya kutu, akajishikilia kwenye kitambaa chako..."

"Najua. Nimeuona mkono wake."

"Basi toka! Toka sasa hivi ukawaambie! Mvuke ukifunguliwa, maji yake yanayotokota yote yanashukia huku. Mimi nitachemka kama—"

Hakumaliza. Mwanga ulipungua.

Kutu aligeuka. Duara la mlango lilikuwa linakuwa jembamba, kama mwezi unaoliwa. Katikati yake ulionekana uso wa meneja. Alikuwa analia. Kweli kabisa, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Watasema ulikuwa mkaidi, shemeji," alisema. "Uling'ang'ania kuingia. Wote wamekusikia."

Komeo likalia.

Giza.

"Nani amefunga?" iliuliza sauti toka chini.

"Pacha wako," alisema Kutu, akaanza kupiga chuma kwa ngumi.

*

Lakini ukumbi haukuwa na watu wawili. Ulikuwa na watatu.

Bibi alikuwa amefika mlangoni na yule mama wa miwani, akasema, "Dada yangu, nimeacha kiatu," akatazama miguu yake yenye viatu vyote viwili, akarudi ndani kabla hajaulizwa. Alipenya katikati ya vitambaa vilivyoning'inia akajificha nyuma ya kile cha kahawia, kile cha sufuria iliyoungua. Alikuwa amekitukana muda mfupi tu uliopita. Sasa alikikumbatia.

Aliusikia mlango wa duara ukifungwa. Alizisikia ngumi. Alitamani kutoka, miguu ikakataa.

Kisha kupitia kitambaa, kwa mwanga wa dirisha la upande wa pili, alikiona kivuli. Meneja alisimama nyuma ya gurudumu, uso wake kuelekea kitambaani. Gurudumu lilikuwa kati yao. Mikono ya kivuli ikashika. Mikono ya kivuli ikazungusha.

Kuelekea kulia.

Chungu alivuta pumzi. Sauti ndefu, ya chini, iliyompitia Bibi kwenye nyayo ikapanda mpaka kwenye meno. Ngumi ndani zikaongeza kasi. Meneja alipangusa uso, akarekebisha koti, akatoka uani kwa wageni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kunywa chai.

Bibi alichomoka. Alikimbilia mlango wa duara, akavuta komeo kwa mikono miwili, kwa uzito wake wote. Halikutikisika. Chuma kilikuwa kimeanza kupata joto.

"Mama?" ilisikika sauti ya Kutu ndani, mbali sana. "Mama, ni wewe? Funga mvuke! Gurudumu! Funga mvuke!"

Alizunguka bomba, akasimama pale aliposimama meneja. Akalishika gurudumu.

Lakini kwa upande gani?

Bibi hakuwahi kufunga mvuke maishani mwake. Akikosea, hafungi, anafungua zaidi, na mwanawe na mke wa mwanawe wote wawili wako mle ndani. Hakukuwa na alama. Kama zilikuwepo, kutu ilishazila.

Meneja alizungusha kulia. Ameona kwa macho yake. Basi kufunga ni kushoto. Akakaza mikono, akaanza kusukuma kushoto, gurudumu likasogea kidogo, na Chungu akapiga mluzi mwembamba, mkali, uliochoma masikio.

Ndani mtu alipiga ukelele.

"Ee Mungu wangu," Bibi alisema, akaachia kama ameungua.

Na hapo ndipo alipokumbuka swali lake mwenyewe la kijinga. Mwanangu, kwani kina upande?

Kina upande. Kila kitu kina upande. Yeye alikiona kivuli akiwa upande wa nyuma. Alichokiona kinakwenda kulia, kwa mwenye kukizungusha kilikwenda kushoto. Asubuhi aligeuza kitambaa bila kujua, na nusura mwanawe aitwe mharibifu. Sasa ageuze kwa makusudi.

Akashika upya. Akafumba macho. Akasukuma kulia.

Gurudumu lilikataa. Akasukuma kwa mikono, kwa kifua, kwa watoto wote aliowazaa. Likalia. Likasogea. Mluzi ulishuka, ukawa mguno, ukawa pumzi. Akasukuma tena. Pumzi ikakatika.

Kimya.

Toka ndani hakukuja sauti. Hakukuja ngumi. Hakukuja ile ko, ko, ko.

"Mwanangu?" aliita. "Kutu? Nijibuni! Yeyote!"

Nyuma ya Chungu, kitu kizito kilianguka na kuviringika. Kama pipa. Kisha nyayo, mtu anayetembea na viatu vilivyojaa maji, au mtu anayetembea kwa siri. Bibi hakuthubutu kugeuka. Mikono yake ilikuwa bado imelikamata gurudumu, haiwezi kuachia.

Mkono ukaja toka nyuma yake, ukatua juu ya wake. Mzito. Umelowa. Hauna glavu.

Bibi alifungua jicho moja. Akahesabu vidole, na vilikuwa vinne.

Kisha akaanza kutafuta gumba liko upande gani.